Kikulacho ki mfukoni

*Butembo na Beni, mashine husafishwa Jumatatu na kuugua tena Ijumaa. Mafundi wanabishana kuhusu dawa, wakati ugonjwa wenyewe unatembea mjini ukining'inia kwenye funguo za watu.*

BUTEMBO, Kivu Kaskazini

Sekretaria hii ina upana wa mlango mmoja na nusu. Ndani mna mashine mbili, printa, na fotokopi ambayo tangu saa mbili asubuhi haijapoa. Nje, barazani, grupu la umeme linanguruma kwa kuwa umeme umekatika. Ukitembea kwenye barabara ya Président de la République na vichochoro vinavyopakana nayo, chumba cha namna hii utakiona tena na tena.

Foleni nayo haibadiliki. Mwalimu ameleta orodha ya alama, katibu wa parokia ameleta matangazo ya Jumapili, mama muuza vitenge ameleta ankara, na mwanafunzi ameleta sura nne za kazi yake ya mwisho wa masomo. Kila mmoja ameshika flashi, na zote zitaingia kwenye tundu moja.

Zamu ya mwanafunzi inafika. Kioo kinaonyesha folda zake zote kwa majina yaleyale, ila kila moja ina mshale mdogo pembeni na uzito wa kilobaiti moja au mbili. Anabofya sura ya tatu. Kioo kinapepesa mara moja, kisha kimya. Karani hashtuki. Anageuza shingo tu na kuita: "Papa fundi, rakursi tena!"

Rakursi ni neno la Kifaransa lililovishwa nguo za mjini. Maana yake ni njia ya mkato. Ndilo jina ambalo kirusi hiki kimepewa na watu wanaoishi nacho.

Mji wa karatasi nyingi

Butembo ni mji wa wafanyabiashara. Wapo wanaoagiza mali Dubai na Guangzhou, wapo wanaovuka mpaka Kasindi kwenda Kampala, na kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo huingia kwa njia hizohizo. Mji una Chuo Kikuu Katoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989. Beni, mwendo usiofika kilomita 60 kuelekea kaskazini, ina chuo kikuu cha Kikristo cha UCBC, kilichofunguliwa mwaka 2007, ambako kompyuta ni somo la kusomea shahada. Na tangu waasi wa M23 waingie Goma mwishoni mwa Januari 2025, Beni imebeba pia makao ya muda ya serikali ya mkoa.

Vyuo, maduka, parokia na ofisi, vyote hivyo vinazaa karatasi. Intaneti hununuliwa kwa megabaiti, na faili nzito husafiri kwa gharama ndogo zaidi ikiwa mfukoni. Intaneti ilipozimwa nchini kwa takriban wiki tatu baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, uchaguzi ambao Beni na Butembo ziliambiwa zingoje hadi Machi 2019, flashi hazikupumzika hata siku moja. Virusi vilivyomo ndani yake navyo havikuhitaji mtandao ili vihame.

> Faili nzito husafiri kwa gharama ndogo zaidi ikiwa mfukoni. Kirusi husafiri bure.

Faili zipo, zimefichwa

Habari njema kwa mwanafunzi wetu ni kwamba sura zake nne hazijaenda popote. Kirusi cha rakursi hakili faili. Huzipiga chapa ya kufichwa, kikazitia wakati mwingine ndani ya folda ambayo jina lake ni nafasi tupu, kisha kikaweka badala yake vijifaili vyenye majina yaleyale. Ukibofya kimoja, mawili hutokea kwa pamoja: folda yako hufunguka, ukaridhika, na kirusi huingia kwenye mashine, nacho kikaridhika. Folda ikikataa kufunguka, kama ya mwanafunzi huyu, ujue ni lile la kwanza tu lililoshindikana.

Dalili yake haina haja ya mtaalamu. Flashi inasema imejaa gigabaiti tatu, huku folda zinazoonekana hazifiki hata kilobaiti ishirini. Mzigo upo, mwenye mzigo haonekani.

Fundi anayejua kazi hufungua dirisha jeusi la amri na kuandika mstari mmoja: attrib -h -r -s /s /d E:\*.*, ambapo E ni herufi ya flashi. Folda za kweli hujitokeza. Mwanafunzi anapumua, analipa, anaondoka.

Hapo ndipo wengi hudhani kazi imekwisha, kumbe kilichofanyika ni kumfuta mgonjwa jasho. Homa bado iko ndani ya mashine, ikingoja flashi ya mama wa vitenge.

Mizizi mitatu

Kirusi sugu ni kama magugu ya shambani: ukikata jani, mzizi hauna habari. Na mizizi yake ni mitatu.

Wa kwanza uko kwenye kuamka kwa mashine. Kirusi hujiandikisha katika orodha ya programu zinazoanza kila Windows inapowashwa, au katika ratiba ya kazi za mashine, kisha hujificha ndani ya folda za muda ambazo mtumiaji hazitembelei. Unafuta faili leo, kesho asubuhi imerudi.

Wa pili ni ulinzi. Baadhi ya virusi huendesha nafsi mbili kwa wakati mmoja, kila moja ikimchunga mwenzake. Ukiua moja, nyingine humfufua. Vingine huzima antivirusi kwanza. Conficker, kilichotokea Novemba 2008 na kuenea katika mamilioni ya kompyuta duniani, kilizuia mashine isifungue tovuti za watengenezaji wa antivirusi. Mgonjwa alifungiwa barabara ya kwenda hospitali.

Conficker hichohicho kilijua kupanda flashi na kujiendesha mara inapochomekwa, bila mtu kubofya chochote. Mlango huo Microsoft waliufunga kwa sasisho la Februari 2011. Waandishi wa virusi wakageukia rakursi: kama flashi haiwezi kujifungua yenyewe, basi mwenyewe aifungue kwa mkono wake.

Mzizi wa tatu hauko ndani ya mashine hata kidogo. Uko kwenye flashi zote zilizochomekwa wiki hiyo, kadi za simu zilizounganishwa kupata nyimbo, na diski kubwa ya fundi mwenyewe. Huu ndio husahauliwa na karibu kila mtu, na ndio unaofanya kirusi kionekane sugu kuliko kilivyo.

Fomati, au tibu?

Waulize mafundi wawili, utapata ugomvi.

Wa kwanza atasema fomati. Futa kila kitu, weka Windows upya, mteja arudi jioni kuchukua mashine safi. Ana hoja. Mteja anataka mashine leo, umeme haujulikani utakuja saa ngapi, na kutafuta kirusi kimojakimoja kunaweza kula siku nzima ambayo hakuna atakayeilipia. Viko pia virusi ambavyo havitibiki kwa kubembeleza. Sality, kilichoanza kuonekana mwaka 2003, hujiambatisha kwenye kila programu iliyomo ndani ya mashine. Kusafisha nyumba ya namna hiyo tofali kwa tofali ni kazi kubwa kuliko kujenga mpya.

Wa pili atasema tibu. Kufomati kunafuta kirusi pamoja na picha za harusi, madaftari ya duka na ile sura ya nne. Tena, atauliza, ukishafomati utaweka programu kutoka wapi? Kutoka kwenye diski ileile ya fundi yenye Word, michezo na vitumizi vilivyonakiliwa kutoka mkono hadi mkono kwa miaka. Kama Sality imelala kwenye programu moja tu ya diski hiyo, mashine mpya inaambukizwa kabla haijaondoka mezani.

Na wateja wana hoja yao, ambayo huisemea pembeni: fundi ndiye anayetupa virusi ili turudi. Husemwa pia kwamba wanaouza antivirusi ndio wanaotengeneza virusi. Ni rahisi kuelewa tuhuma hizo zinatoka wapi. Mtu anayelipa kwa ugonjwa mmoja mara tatu lazima aanze kumtazama daktari. Lakini diski ya fundi inatosha kueleza mambo mengi bila kumtia ubaya: anaambukiza bila kujua, kwa kitu kilekile anachokitegemea kuponyesha.

> Mashine mpya inaambukizwa kabla haijaondoka mezani.

Mlango unaofunguliwa na mwenye nyumba

Jambo moja mafundi wote wawili hulizungumza kwa sauti ya chini: kraki. Leseni ya Windows nchini Marekani huzidi dola 100, na wapo wanaonunua mashine nzima ya mtumba kwa pesa kama hizo au pungufu. Kwa hiyo Windows huamshwa kwa kraki, vijiprogramu vya bure ambavyo maelekezo yake huanza na sharti moja: zima antivirusi kwanza.

Mwenye nyumba akishamfunga mbwa kwa mkono wake, mgeni yeyote anaweza kuingia. Mwaka 2021 watafiti walionyesha jinsi nakala bandia za KMSPico, kiamshi maarufu kuliko vyote, zilivyokuwa zikibeba CryptBot, programu inayokusanya maneno ya siri yaliyohifadhiwa kwenye kivinjari.

Kibaya zaidi ni familia ya STOP, iitwayo pia Djvu. Ilianza kuonekana mwaka 2018 na imewapata hasa watu wa nyumbani wanaopakua kraki. Hufunga kila hati kwa fumbo na kuacha barua inayodai mamia ya dola, au nusu yake ukiwahi ndani ya saa 72. Oktoba 2019 kampuni ya Emsisoft ilitoa ufunguo wa bure kwa aina 148 za kirusi hicho, lakini aina nyingi zilizofuata hazifunguki kwa ufunguo huo. Hapo ubishi wa kufomati au kutibu hauna maana tena. Aliye na nakala ya hati zake mahali pengine amepona. Asiye nayo anajifunza.

Sasa umeongezeka mtihani mwingine. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walimaliza kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. Mashine nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11, kwa sababu toleo hilo linadai chipu ya usalama na prosesa za takriban mwaka 2018 kuja mbele. Ndiyo maana wapo wanaoanza kuzihamishia Linux, mfumo unaochukua nafasi ya Windows, ambao ni wa bure, hauhitaji kraki, na ambao virusi vya rakursi haviwezi kufanya kazi ndani yake.

Dola saba

Anayedhani haya ni matatizo ya mitaa maskini asikilize kisa hiki. Septemba 2023 kampuni ya usalama ya Ufaransa, Sekoia, ilichukua anwani moja ya intaneti kwa dola 7. Anwani hiyo ilikuwa imeachwa na watu walioendesha PlugX, kirusi cha ujasusi kinachohusishwa na wadukuzi wa China, kikiwa katika sura inayosambaa kwa flashi. Wenyewe walikuwa wameondoka, lakini kirusi kiliendelea kutembea bila bwana. Katika miezi sita, anwani zaidi ya milioni 2.5 kutoka nchi 170 zilibisha hodi kuuliza amri.

Watafiti wakagundua wanaweza kukiamuru kijifute. Kukifuta kwenye mashine ilikuwa rahisi. Flashi ilikuwa kazi nyingine: kuna hatari ya kuharibu hati za mwenyewe, na flashi ambayo haijachomekwa haisikii amri ya mtu yeyote. Julai 2024 polisi wa Ufaransa, wakisaidiana na Europol, walianza zoezi la kusafisha mashine. Flashi iliyolala kwenye mtoto wa meza haikuguswa, na ikichomekwa kesho hadithi inaanza upya.

Mwaka huohuo wa 2023, kampuni ya Mandiant ilieleza jinsi kirusi cha ukoo huo kilivyoingia katika taasisi zisizopungua 29 kwa njia ya flashi, nyingi zikiwa na ofisi Afrika, zikiwemo za Tanzania na Kenya. Waliposhuku chanzo, walitaja mahali ambapo msomaji wa Butembo angepataja bila kuambiwa: maduka ya kuchapisha na vibanda vya intaneti.

Tofauti kati ya kirusi kinachoficha sura ya nne na kinachoiba hati ni kubwa. Beni ni mji ambao tangu Oktoba 2014 umezika watu waliouawa kwa mapanga na risasi. Anayeandika majina ya mashahidi kwenye mashine, kisha akaenda kuyachapisha kwenye sekretaria, amebeba mfukoni zaidi ya hati. Kwake, flashi safi ni suala la uhai wa mtu mwingine.

Tuliyojifunza kwenye ndoo

Hakuna mahali duniani panapopaswa kuelewa jambo hili haraka kuliko hapa. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, ikianzia Mangina karibu na Beni, ikashuka hadi Butembo na Katwa. Ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 wamekufa. Kirusi cha kompyuta hakiui chenyewe, na si haki kuvilinganisha kwa uchungu. Vinaweza kulinganishwa kwa namna vinavyotembea.

Katika miezi hiyo kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji ya klorini. Hukuulizwa kama wewe ni mgonjwa, ulinawa tu. Mgonjwa alipopatikana, kazi haikuishia kitandani pake. Waliandikwa wote aliokutana nao, wakafuatiliwa siku 21, na chanjo ikatolewa kwa mduara: waliomgusa, kisha waliowagusa hao. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, waliosajiliwa kwa kufuatiliwa walifika 250,000.

Uvumi nao ulikuwepo. Wengi walisema Ebola ni biashara ya watu fulani, kama leo inavyosemwa kuhusu antivirusi, na pale uvumi ulipopata nguvu watu waliwaficha wagonjwa wao. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Linganisha sasa na mashine. Tunamtibu mgonjwa mmoja, tunamrudisha kwenye nyumba ileile, na hakuna anayeuliza amekutana na nani. Fundi anayefomati na fundi anayetibu wanagombania kitanda, huku mduara wote wa flashi uko nje unaendelea na safari.

> Tunamtibu mgonjwa mmoja, na hakuna anayeuliza amekutana na nani.

KISANDUKU: Kusafisha mashine ya nyumbani hadi mzizi wa tatu

1. Itenge. Zima intaneti, chomoa kila flashi na simu. Usichomeke kitu kingine "kujaribu".

2. Okoa hati kwanza. Tengeneza flashi ya Linux kwenye mashine ya mtu unayemwamini, iwashe nayo mashine yako, kisha nakili hati na picha tu. Programu usizinakili.

3. Piga kutoka nje. Windows 10 na 11 zina Microsoft Defender ndani yake, bila malipo. Chagua uchunguzi wa nje ya mtandao: mashine hujizima, huwaka tena na kuchunguzwa kabla kirusi hakijaamka. Huchukua kama robo saa. Ikishindikana, tumia diski ya uokoaji ya kampuni ya antivirusi inayojulikana.

4. Kagua kinachoamka. Tazama orodha ya programu zinazoanza na mashine, na ratiba ya kazi. Usiyoitambua, izime kwanza, uifute ukishaihakiki.

5. Kusanya flashi zote za nyumbani siku hiyohiyo, hata ya mtoto na kadi ya simu. Zichunguze moja moja kabla mashine haijarudi kazini.

6. Badilisha maneno ya siri kwenye kifaa kingine kilicho salama, kisha ondoa mashine hiyo kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa na WhatsApp yako.

7. Fomati bila kusita kama programu zenyewe zimeambukizwa, au kirusi kimerudi baada ya hatua zote hizi. Chukua Windows kutoka kwa Microsoft wenyewe, hata ikibidi kwenda kuipakua chuoni.

8. Ukipona, weka nakala mbili za hati. Moja ikae bila kuchomekwa.

Mashine ya mlangoni

Tangu Machi 13, 2023 Kongo ina Kanuni za Dijitali, sheria yenye sehemu nzima kuhusu makosa ya mtandao. Lakini sheria humtafuta mtu mwenye nia. Mwalimu, katibu wa parokia na mama wa vitenge hawana nia yoyote. Wana haraka tu.

Dawa inayowafaa hao ni ya bei ndogo. Sekretaria inaweza kuchukua mashine moja kuukuu, ile iliyoshindwa na Windows, ikaiwekea Linux na kuiweka karibu na mlango. Kila flashi ipite hapo kwanza: hati itolewe, vijifaili vyenye mshale vifutwe, ndipo nakala ya hati peke yake iende kwenye mashine ya kuchapia. Vyuo vina wanafunzi wa kompyuta ambao kwao hiyo ni kazi ya alasiri moja. Fundi anayehofia kukosa wateja ajue kwamba duka lisiloambukiza nalo hupata jina mjini.

Mteja hahitaji kujua Linux ni nini. Atakachoona ni kwamba kabla ya kuchapa ameombwa flashi yake dakika moja, na karani amemuuliza swali ambalo mjini hapa kila mtu alishawahi kuulizwa na mtu mwenye daftari mkononi: siku hizi mbili tatu, umepita wapi?